Suti Aliyoipanua Mama

Wiki iliyopita mshumaa ulimwagikia kitambaa changu cha meza, kile cha wageni, nami nikafanya kama nilivyofunzwa na mama: nikatandaza karatasi juu ya nta, nikapitisha pasi ya moto. Harufu ikapanda. Ilinirudisha kwenye chumba chetu cha Thornton Heath, London, juu ya saluni, ambako dada yangu Rahma alikuwa akizipaka nta ski zake, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, kwa pasi kuukuu ya mama. Alizilaza kitandani kwangu kwa sababu chake kilikuwa kifupi. Bingwa yeye, wa kulala na chembe za nta mgongoni mimi.

Nitawaambia ukweli, maana nimeshakuwa mtu mzima: nilimwonea gere. Wala si gere ya kupita. Lilikuwa donge, likila nami na kulala nami. Nilikuwa na miaka kumi na moja, yeye kumi na sita. Mama alikuwa na kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", na kila akijifunga nilihisi nimeandikwa mimi. Lakini sababu ninazo, nikijisemea kimoyomoyo, hebu niulizeni.

Yalianza na safari ya skuli kwenye kilima cha plastiki nje ya mji. Wenzake waliteremka wakipiga mayowe, Rahma akaruka. Mama mmoja wa Kinorwe aliyefundisha pale akamwona, na kabla mwaka haujaisha dada yangu akawa anapelekwa kwenye milima ya Ulaya kila likizo, kuteremka njia ya barafu na kujitupa hewani mwendo wa nyumba kumi. Siku moja mwalimu yule alikuja kwetu. Huku akinywa chai ya maziwa alituambia kwamba enzi zake wanawake walikatazwa kuruka, ati kizazi kitaharibika. Mama, aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee, alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Na sisi tunaowanyanyua wazee wa watu kutwa kucha, vizazi vyetu vya chuma?"

Kicheko kilikoma siku Rahma alipoivaa suti ya kurukia pale sebuleni. Mama hakuuliza habari ya kuvunjika shingo. Aliuliza habari ya makalio.

"Mwanangu, hii nguo au ngozi?"

Rahma alijieleza kwa Kiingereza cha haraka haraka, kama tulivyozoea sisi tuliozaliwa huku. Mwezi mzima mama hakusema nenda wala usiende.

Na mwezi wenyewe ndio ulikuwa wa mashindano, huko Austria. Atakayefanya vizuri angechukuliwa kwenye timu ya taifa, na hapajawahi kuwa na msichana wa kwetu aliyefika huko. Habari zikaenea kwa Wazanzibari wote, kuanzia Hayes mpaka kwetu. Harusini wanawake walimkumbatia Rahma, wakampaka mafuta mazuri, kisha wakanigeukia: "Na wewe, unasoma vizuri?" Nilikuwa nikisoma vizuri sana. Hakuna aliyengoja jibu.

Siku mbili kabla ya safari nilirudi kutoka skuli nikamkuta mama ameitoa cherehani. Rahma alikuwa mazoezini. Suti ilikuwa mezani, imefumuliwa mishono yote miwili ya ubavuni, na mama anaitia vipande vya kitambaa kizito cheusi, kiunoni na kwenye mapaja, kwa mshono safi ambao hata fundi wa dukani asingeutambua.

"Nimekubali aende," akasema, bila ya kuinua macho. "Lakini ataenda na stara yake. Njoo unishikie hapa."

Nikakaa miguuni pake na kikopo cha pini. Sasa sikilizeni. Mimi nilikuwa najua. Rahma alikuwa amenieleza tukiwa vitandani: suti ile hupimwa kwa utepe, na ikiuzidi mwili hata kwa upana wa vidole viwili inanasa upepo na kumpeleka mrukaji mbali asikostahiki. Huo ni wizi, na mwenye suti hiyo hutolewa mashindanoni. Mama hakuyajua hayo, na pale mezani hapakuwa na wa kumwambia ila mimi. Neno lilifika ncha ya ulimi. Nikalimeza. Nikampa mama pini nyingine.

Aliikunja, akaifukiza udi, akaitia chini kabisa ya begi. "Usimwambie. Ataiona huko huko." Kwa kutii amri hiyo nilikuwa mtoto mwema kuliko watoto wote wa London.

Jumapili Rahma akapiga simu. Hakushinda, alisema, upepo ulikuwa mbaya.

"Upepo ni wa Mungu, mwanangu. Na suti, ilikukaa?"

"Ilinikaa vizuri sana, Mama."

Kesho yake nilikwenda maktaba nikayatafuta matokeo kwenye kompyuta. Aliruka mbali kuliko wasichana wote. Pembeni ya jina lake, mahali pa nafasi yake, paliandikwa kwamba ameondolewa. Nilifurahi, sitawaficha. Furaha ilidumu mpaka nilipofika kwenye duka la mihogo na ndizi mbichi karibu na kwetu. Rahma alipoteza mwaka mzima. Baadaye aliingia timu ya taifa, wa kwanza katika sisi, na leo wasichana wadogo humwandikia barua. Mama bado huwaambia watu kwamba ni yeye aliyemshonea Rahma suti ya kwanza, na hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Mimi nilinyamaza miaka kumi na tano. Mwaka jana, jikoni kwa Rahma, tukikata vitunguu, nikamwambia yote. Kisu chake hakikusimama.

"Niliijua mara tu nilipoishika," akasema. "Coach alikuwa na spare, suti nyingine ya saizi yangu, kanishikia mkononi."

"Sasa dada, kwa nini hukuvaa hiyo?"

"Mama hajawahi kuniambia nenda. Ile suti ndiyo nenda yake. Ningeivua vipi? Nikasema labda hawatanipima." Akavuta kamasi, sijui za vitunguu. "Wewe ulikuwa naye kila siku, Salma. Mkikaa pamoja, mkishona, mkicheka. Mimi nikirudi safari nawakuta mna mazungumzo yenu nisiyoyajua."

Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeweza kunionea gere mimi. Nilikuwa nimeketi miguuni pa mama, mahali ambapo dada yangu angetoa ushindi wake apate, nami nikapatumia kumfanyia hasadi. Nilimwomba radhi, akanipa bila ya kuniangalia. Nikarudi kwangu nikiwaza jinsi alivyosimama juu ya mlima ule, suti halali iko mbele yake, akachagua ya mama. Nami, Mungu anisamehe, nikamwonea gere tena.