Ndoto Aliyoisimulia Shangazi Mkutanoni

Asubuhi za Kisarawe hazina haraka. Ukungu hukaa juu ya mikorosho, na anayekuja njiani unamsikia akikohoa kabla hujamwona. Huko ndiko nilikolelewa na shangazi yangu. Hata leo, nikilala mtaani Kwa Mathias, Kibaha, na malori yakipiga honi nje, nikifumba macho naisikia harufu ya maua ya mikorosho ile.

Nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja ya serikali Kibaha. Niliapa, mkono juu ya Msahafu, kwamba ya ofisini hayatatoka. Siku moja kikaoni wakubwa waligawana mashamba ya kijiji chetu kama nyama ya shughuli. Wananchi wangeambiwa panajengwa zahanati. Shamba la shangazi lilimwangukia bosi wangu. Akaniambia hilo nisiliandike, kisha akaomba chai. Nikammiminia, masikio yananiwaka kwa hasira. Siri za serikali naziheshimu, lakini ule ulikuwa wizi, na sikumbuki kuuapia wizi.

Jumamosi nikaenda Kisarawe. Nilimkuta shangazi anabangua korosho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna?"

Nikamwambia yote. Hakuacha kubangua.

"Wewe una kiapo, tena una kazi," alisema. "Nyamaza. Mie nitaota."

Kwetu ndoto ya mtu mzima haipuuzwi. Watu huahirisha hata safari. Basi kwenye mkutano wa kijiji, bosi akiwa meza kuu nami pembeni nikiandika, shangazi alisimama. Akasimulia taratibu, sauti inaelea: ameota zahanati isiyo na mlango, ndani yake wakubwa wanagawana mikorosho, huyu huku, yule kule. Wazee wakawa wanaitikia kwa vichwa. Upepo ukapita majanini, na kwa kitambo nikahisi sote tumo usingizini mwake.

Bosi akacheka.

"Bibi, serikali haiendeshwi kwa ndoto. Kesho wapimaji wanaanza."

Watu wakacheka naye, kwa woga tu. Shangazi akabaki amesimama peke yake, mtu mzima wa heshima, anaonekana mwehu ili mimi nisikose mshahara. Nilimpenda mno wakati ule, na nilijionea haya.

Nikaweka kalamu chini, nikasimama. Shangazi akanitolea macho, akinikataza.

"Hakuota," nikasema. "Nilikuwepo kikaoni. Niulizeni mimi."