Mbegu Nilizomlisha Maksai

Mama mkwe wangu anaitwa Milembe. Ni mrefu, mwembamba, akitembea hatazami chini. Amezaa saba, amezika watatu. Kijijini kwetu, nusu saa kwa bodaboda kutoka Bariadi mjini kama mvua haijaharibu njia, watu wanamjua kama mwanamke aliyeua maksai wa mumewe. Hakuua. Niliyeua ni mimi.

Ilikuwa Novemba, mwaka juzi. Mume wangu Nyanda alikuwa Maswa, kibarua kwenye kinu cha kuchambua pamba. Mtoto wetu Joyness alikuwa na miezi sita. Baba mkwe, Mayige, alikuwa na maksai wawili wekundu wa kuvuta plau. Majani yalikuwa bado hayajaota, na jioni moja walirudi shambani mbavu zikihesabika. Mayige akasema, bila kunitazama, maana mkwe hatazamwi ovyo, "Hao wapeni chochote wale."

Kwetu, nilipokuwa mdogo, baba aliwapa ng'ombe mbegu za pamba zilizobaki, wakanenepa. Zile zilikuwa na manyoya. Za siku hizi ni laini, zimepakwa dawa ya rangi ili wadudu wasizile ardhini. Stoo kulikuwa na nusu gunia ya kupandia. Nilijua zina dawa. Nasema kweli, nilijua. Nilifikiri nikiziosha mara mbili dawa itatoka pamoja na rangi. Rangi ikatoka, nikafurahi. Nikamwekea maksai mmoja kwenye beseni. Nilipotaka kumwekea wa pili, mtoto akalia, nikaenda kumnyonyesha.

Asubuhi yule wa kwanza alikuwa chini, povu mdomoni, miguu inapiga piga. Jua halijapanda akafa.

Mayige aliokota beseni, akazishika zile mbegu kwenye kiganja. "Nani kamlisha huyu?"

Mimi mdomo nilikuwa nimeufungua. Milembe akatokea jikoni, mikono ina majivu.

"Mimi, Baba Nyanda."

"Wewe? Wewe uliyezaliwa kwenye pamba?"

"Ni uzee."

Mayige akazitupa zile mbegu chini. Kisha akaninyooshea kidevu. "Angekuwa huyu, sasa hivi yuko njiani anarudi kwao, na mtoto anabaki hapa. Nilitoa ng'ombe kumi na wawili kwa ajili yake, siwezi kumpa na mwingine wa kuua." Akamgeukia mkewe. "Maksai mmoja halimi. Ile ekari ya mtoni iliyobaki utailima wewe, kwa mkono. Nisione mtu anakusaidia."

Jikoni nilimshika kanga. "Mayu, mama yangu, kwa nini?"

"Mimi sina pa kurudishwa," alisema. "Wazazi wangu wamekufa, na wa kunyonya nilishamaliza. Wewe unaye. Nyamaza, usiniharibie."

Nikanyamaza. Nilinyamaza vizuri sana, wiki tatu. Kila asubuhi alitoka na jembe, saa nne nampelekea uji. Alikuwa ameufunga mkono wa kulia kwa kitambaa, na ulipofika wakati wa kushika kikombe alikishika kwa viganja viwili kama mtoto. Mimi nilikaa pembeni nikinyonyesha.

Siku moja jirani yetu Nyanjige alipita na ndoo zake, akapaza sauti kwa salamu ya asubuhi: "Mwangaluka, trekta!"

"Mwangaluka," Milembe akaitikia, jembe halijasimama. "Trekta limeishiwa mafuta. Niletee uji, au pita."

"Nikuletee uji mimi? Utaniulia na mbuzi wangu!"

Nyanjige akacheka, Milembe akacheka. Na mimi nilicheka. Kati ya yote niliyofanya, kicheko kile ndicho kinachonirudia nikiwa napepeta mchele au namwogesha mtoto.

Ijumaa ya wiki ya tatu jumuiya ya kanisa ilisali kwetu. Katekista Athanasi aliongoza rozari, matendo ya uchungu. Ana kawaida ya kusimama kila tendo aeleze kidogo. Tulipofika la nne, Yesu anachukua msalaba, akasema: "Huyu hakuiba, hakuua. Aliubeba kwa sababu walioiba na walioua wasingeweza kuubeba wakaishi. Wewe unakaa nyumbani, unakula ugali wako. Unajua nani kabeba?"

Alikuwa anamsema Yesu. Lakini Milembe alikuwa amelala pale mkekani, ameegemea ukuta, mdomo wazi, rozari imemnasa kidoleni kwenye punje za mwanzo. Nikaiacha Salamu Maria katikati, nikamtazama. Siku zote nikisikia habari za mateso nilijiweka pamoja na wale wanawake waliolia njiani. Jioni ile nikaona kwamba mimi ni Baraba, yule muuaji aliyefunguliwa badala ya Yesu. Biblia haisemi alikwenda wapi baada ya kuachiwa. Nafikiri alikwenda nyumbani akala.

Watu walipotoka, nilimkuta Mayige uani anakaza kamba za nira. Nikapiga magoti mbali kidogo.

"Baba, zile mbegu niliziweka mimi."

Akaiweka nira chini. Akaita, "Mama Nyanda!"

Milembe akaja, macho bado yana usingizi.

"Huyu anasema ni yeye."

Milembe alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. "Mtoto anaota meno, huyu wiki nzima halali. Anaweweseka tu. Ni mimi."

"Mayu, si kweli."

"Nyamaza mbele ya baba yako!"

Mayige alitutazama mmoja mmoja. Safari hii alinitazama na mimi. "Mmoja wenu ananidanganya," alisema, "na sijui nimfukuze yupi. Kesho nendeni shambani wote wawili. Ile ekari ikiisha, sitaki kusikia tena habari ya maksai hapa."

Milembe hakunisemesha usiku huo. Alinipakulia ugali, akanipa mgongo. Tulipokuwa tunaosha vyombo ndipo akasema, taratibu, "Nilikuwa karibu kumaliza. Ungeniachia."

Niliendelea kusugua sufuria. Katekista anasema wokovu haulipiwi, unapokelewa. Mimi kupokea kulinishinda, na sijui kama siku ile nilimsaidia mama yangu au nilimnyang'anya.

Asubuhi nilimfunga Joyness mgongoni nikamfuata shambani. Kilikuwa kimebaki kipande cha robo ekari. Akanionesha kwa mpini.

"Wewe anzia kule kwenye minyaa ya mpakani. Mimi naanzia huku. Tutakutana katikati."

Nikaenda hadi kwenye minyaa. Sikunyoosha mgongo, sikunywa maji. Mtoto alilia, nikalima naye analia, mbio mbio, ili katikati iwe upande wake, yeye alime kidogo.