Nilikaribia kufutwa kazi kwa keki niliyoipeleka Mowlem, kumbe mwenye keki alikuwa ameshaila

Wakuu, niaje. Walio kazini na waliojificha chooni na simu, wote nawasalimu.

Hii imenipata mimi mwenyewe, tena si zamani. Jina la kampuni sitaji, niko na sababu zangu. Mengine yote ni vile yalivyokuwa, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Mimi ni rider. Napeleka mizigo kwa nduthi, pikipiki yangu, mitaa yote ya Eastlands hapa Nairobi, kutoka Majengo mpaka Pipeline. Miaka minne kwa hii kazi sijawahi poteza hata bahasha, na nilikuwa najisifu sana nayo. Ukikaa na mimi dakika tano lazima ungeisikia.

Sasa Alhamisi moja nikapewa keki ya kupeleka mtaa wa Mowlem.

Wenye wamebeba keki wanajua hiyo ni adhabu. Unga utafunga na kamba uende, hata TV utafunga uende. Keki unaiendesha ukiongea nayo. Kila bump nilikuwa naiambia pole.

Order ilikuwa imeandikwa "Mum, C7", jina la ploti, yaani lile jengo la wapangaji, na number ya binti aliyeagiza. Huyo binti tumuite Njeri. Jina la huyo mum halikuwepo, number yake haikuwepo, kwa sababu ilikuwa surprise.

Nikafika, nikampigia Njeri. Alikuwa kazini Thika, anaongea kwa kunong'ona kama mtu yuko kwa meeting. Akaniambia mamake yuko ndani, nigonge tu C7. "Usimtajie jina langu," akasema. "Mwambie ametumiwa na mtoto wake, atajua mwenyewe."

Nikapanda mpaka third floor. Milango yote ilikuwa imepakwa rangi mpya ya buluu, namba nyeupe, safi kabisa. Nikagonga C7.

Akafungua mathe wa miaka sitini hivi, leso kiunoni, mikono imejaa unga wa chapati.

Hapa ndipo nilipokosea. Sikumuuliza jina.

Lakini niambieni, nani kati yenu anaweza kusimama mbele ya mama wa rika la mamake amwambie "jina lako nani"? Mimi nimelelewa. Ingawa ningeuliza tu "wewe ni mama nani" ingetosha, na haina madharau. Akili hiyo ilinijia kesho yake, kama kawaida ya akili.

Nikamwambia, "Mathe, hii umetumiwa na mtoto wako."

Alifungua boksi hapo hapo mlangoni. Ndani imeandikwa Happy Birthday Mum kwa icing ya pink. Akaisoma kwa sauti. Halafu akaniambia maisha yake yote hajawahi kukatiwa keki. Hata siku yake ya kuzaliwa haijui, aliambiwa tu alizaliwa wakati wa kuvuna mahindi. "Basi Wafula ameamua ni leo," akasema. Alikuwa analia na kucheka pamoja, anajipangusa na leso, unga unabaki usoni.

Akampigia huyo Wafula, simu ikiwa loudspeaker. Ni kijana wake, anafanya kazi kwa shamba la maua Naivasha. Mama akamshukuru bila kupumua. Kwa simu kukawa kimya kidogo, halafu nikasikia, "Eeh mum. Ni mimi."

Mimi nikadhani ni aibu tu za kiume.

Mathe akanishika kichwa akaniombea. Aliombea barabara, akaombea pikipiki, akaombea bibi ambaye hata sijampata. Nikampiga picha ya proof, ya kuonyesha ofisi mzigo umefika, na keki yake mikononi, C7 inaonekana vizuri nyuma yake, nikashuka ngazi nikipiga mluzi.

Kesho yake asubuhi kikaumana.

Jioni ile Njeri alikuwa amempigia mamake akingoja kusikia vigelegele. Mamake akamwambia siku imekuwa ya kawaida, hakuna mtu amegonga. Njeri akamzungusha zungusha, wapi. Asubuhi akapigia ofisi akiwa moto. Wakamtumia ile picha yangu ya proof, na yeye akajibu kwa maneno matatu: "Huyu si mum."

Supervisor wetu tumuite Gathogo. Si mtu mbaya, lakini akishaamua kitu ameamua. Aliangalia picha, akaniangalia, akarudi kwa picha. Shida ni kwamba mimi niko na mwanya kwa meno ya mbele. Na yule mathe kwa picha anacheka, naye pia yuko na mwanya, saizi yangu kabisa.

"Huyu ni shangazi yako, umempelekea keki ya mteja," Gathogo akasema.

Nikaapa simjui. Nikamuonyesha C7 kwa picha, akasema namba mtu yeyote anaweza kuandika. Riders wenzangu nao hawakunisaidia, waliambiana ati hata masikio tunafanana. Kabla ya saa nne base nzima ilikuwa inaniita Keki.

Mnaweza kucheka, lakini siku hiyo niliumia. Heri ningeitwa mwizi wa simu. Sasa mtu mzima na helmet yake kushtakiwa kwa keki, utaenda kumwambia nani?

Gathogo akanipa mpaka saa nane mchana. Mwenye keki mwenyewe aseme kwa mdomo wake imemfikia, la sivyo nirudishe jacket na begi, niende nyumbani.

Nikarudi Mowlem. Nilianza na caretaker, kwa sababu yule mathe nilikuwa namuogopa. Ungeanzia wapi kumwambia mtu aliyekuombea hivyo? Nikamuuliza caretaker C7 ni ya nani.

Naye akaniuliza, "Ya zamani ama ya sasa?"

Wakuu, nikavua helmet nisikie vizuri.

Kumbe landlord alikuwa amepaka ploti rangi wiki iliyopita. Zamani namba zilianzia huko mwisho kwa tangi la maji. Fundi wa rangi yeye akaanza kuhesabu kutoka kwa ngazi, na kila floor iko na milango minane. Kwa hivyo C7 ya zamani imekuwa C2, na C2 imekuwa C7. Hakuna tenant alilalamika, kwani nani husoma namba ya mlango wake? Na Njeri hajakuja hapo mwezi mzima.

Nikapanda, nikagonga C2. Akafungua mama mpole, miwani, sweta. Safari hii niliuliza kabla hata ya salamu kuisha. "Mama Njeri," akajibu.

Nikamweleza yote, mpaka mambo ya mwanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akavua miwani.

"Hiyo keki ilikuwa na icing ya pink?"

Alikuwa ameila.

Mama Wafula, yule mathe wa unga, alikuwa ameita floor nzima chai ile Alhamisi. Na kwa sababu Mama Njeri ndiye wa maombi hapo kwa ploti, akapewa heshima ya kuombea keki kabla ikatwe. Akaiombea vizuri, akapewa kipande kikubwa. Birthday yake mwenyewe hakumtajia mtu. Aliniambia alikaa pale akitabasamu huku moyoni anasema, wa mwenzangu amekumbuka, wangu amenisahau. Akarudi kwake akalia. Njeri alipopiga jioni, akamjibu kwa mkato.

Sasa alianza kucheka. Alicheka akashika mlango. Alicheka mpaka mlango wa C7 ukafunguka, Mama Wafula akatoka, akaniona.

Aliita majirani. Akawaambia huyu ndiye kijana aliyeleta keki yangu.

Saa yangu ilisema saa saba na nusu. Mama Wafula angesema tu kwa simu yangu kwamba hanijui, si yeye mama ya Njeri, na keki haikuwa yake, Gathogo hangekuwa na la kusema. Kazi yangu ilikuwa hapo kwa sentensi moja. Nikamwangalia. Alikuwa bado amejifunga mkononi ribbon iliyotoka kwa boksi la keki.

Nikafungua mdomo. Mama Njeri akanikanyaga mguu.

"Amekuja kuuliza kama keki ilikuwa tamu," akamwambia jirani yake.

Mama Wafula akaingia ndani mbio, akaniletea kipande alichokuwa ameweka. Nikakila nikiwa nimesimama hapo kwa corridor. Na ilikuwa tamu, kusema kweli.

Mama Njeri akanivuta ndani kwake, akaniambia nimpigie huyo Gathogo. Aliongea polepole, vile wamama wa kanisa huongea wakiwa wamekasirika. "Mimi ndiye mama ya Njeri. Keki ya binti yangu nimeila, na nimeiombea. Huyu kijana mwacheni."

Gathogo akauliza sasa yule mwingine kwa picha ni nani.

"Jirani yangu. Tumekula pamoja. Kwani iko shida?"

Gathogo akasema nirudi base, kuna mzigo unaningoja. Jacket ikabaki yangu. Mungu si Athumani.

Baadaye Mama Njeri alimwambia binti yake ukweli wote, akamkataza asiwahi kuutoa nje. Wafula naye akapigiwa. Alikiri hakujua keki ilitoka wapi, lakini alisikia mamake analia kwa furaha, akashindwa kusema si yeye. Mama Njeri akamwambia vizuri, lakini mamako sasa ana birthday, na ni siku moja na yangu, na ploti nzima inajua. Mwaka ujao keki ni juu yako. Nasikia alisema "sawa mama" mara tatu.

Funzo langu ni rahisi. Picha ya mlango si ushahidi, milango hupakwa rangi. Uliza mama nani. Na nyinyi mnaoagiza surprise, tupeni jina la mtu jameni, surprise yenu isitutoe kazini.

Mmewahi kulaumiwa kazini kwa kitu mlichokifanya vizuri? Semeni hapo chini, tucheke ama tupeane pole.

Na kuna moja inanisumbua. Mama Wafula mpaka leo hajui, na juzi nikipitisha mzigo hapo amenionyesha kalenda ukutani. Hiyo siku ameizungushia kalamu nyekundu. Mngekuwa mimi, mngemwambia?