Dawa ya Jicho Aliyoiazimisha Mama

Jicho la kushoto la mama lilikufa zamani kwa presha ya macho. La kulia lilipozibwa na mtoto wa jicho tulimpeleka akapasuliwa, na kesho yake alikaa barazani kwetu Kawempe, akanitazama, akasema nimekonda, nile. Nilifurahi mpaka nikalia.

Siku ya tano aliamka analalamika kichwa. Jicho lilikuwa jekundu, kope zimevimba, na ndani ya mboni kumetanda kitu cheupe kama mtindi. Jamani! Nilimkokota mpaka kwenye teksi. Jirani yetu alituona, akaingia naye bila kuulizwa. Macho yake mwenyewe yalikuwa bado mekundu, maana ule ugonjwa wa macho ulikuwa umeenea mtaani wiki ile.

Daktari alisema usaha umeingia ndani ya jicho. Angepiga sindano ya dawa humo humo, tungoje siku mbili, isiposhika, basi. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine aliyetumia ile chupa ya matone aliyopewa mama baada ya kupasuliwa. Nikaapa hakuna.

Jirani alipotoka kutafuta maji, mama akanishika mkono.

"Nilimwazima juzi. Akajitia, akarudisha."

Nikamjia juu. "Mama! Dawa ya jicho ni chumvi hiyo?"

"Mtu amekuja analia na macho, nimnyime? Usimwambie. Itamuua."

Nilimfuata daktari nikamweleza. Jirani sikumwambia, lakini Mungu ananijua, ulimi uliniwasha. Siku mbili nzima alimletea mama uji, akampepea, akamkanda miguu, huku akisema, "Bambi, pole mama, utapona." Mimi nilikuwa naangalia ukuta. Nilimchukia, na nilijichukia zaidi, kwa sababu dawa ile ilikuwa kazi yangu kuitunza.

Siku ya tatu daktari alifungua bendeji. Jirani alisimama miguuni pa kitanda anaomba dua kwa sauti ndogo. Mimi nilishindwa hata kuomba.

"Mama, hivi ni vidole vingapi?" daktari akauliza.

"Vitatu," mama akasema upesi, akageuza uso kule dua ilikotoka, akatabasamu. "Naona vizuri, mwanangu. Nenda nyumbani ukapumzike."

Daktari alinitazama. Mkono wake ulikuwa bado mfukoni.