Jino Langu Haling'olewi

Pwani nzima utaambiwa dawa ya jino bovu ni kung'oa. Mimi nakataa. Niliacha shule darasa la nne nikaenda kukwangua kutu kwenye magari ya watu, na leo gereji ya Chaani ni yangu, na hao waliosoma wakigonga gari wananitafuta mimi. Sijapata kumwambia mtu atupe mlango kwa ajili ya tundu la kutu. Tunakwangua, tunaziba, tunapiga msasa, tunapaka rangi. Sasa jino langu mwenyewe, tena gego la kutafunia, nikalitupe?

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anauza vipuri mkabala na gereji. Aliniona nanywa chai kichwa nimekilaza upande.

"Shemeji, kang'oe ulale. Mimi nimeng'oa manne na nyama nakula."

"Unakula au unamumunya?"

Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka. "Utakuja tu. Wote huanza na kuziba, kisha hurudi kung'oa."

Nikaenda kwa daktari wa meno kumziba mdomo shemeji kwanza, jino baadaye.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa kuweza kuwa binti yangu. Akaniamkia, nikaitikia marahaba. Akapiga picha ya jino, akanionyesha doa jeusi.

"Baba, tundu limeukaribia mshipa. Nikisafisha nikakuta limeingia ndani, kuziba pekee hakutafaa. Huenda tukazungumza habari ya kung'oa."

"Hiyo usiitaje. Wewe safisha."

Akachukua sindano ya ganzi. Nikamzuia. Kwangu mimi fundi hukwangua kutu huku akisikiliza. Bati lililooza hulia butu, na ukifika kwenye chuma kizima hulia vingine. Nikamwambia, "Ukinitia ganzi, nani atakwambia umefika chuma?"

"Jino si bodi ya gari, baba."

"Vyote hukwanguliwa."

Akaniangalia kidogo, akaiweka sindano kando. "Haya. Ukiumia inua mkono wa kushoto. Usinishike mimi."

Kile kimashine chake kinalia kama msumeno wa mbali, kinarusha maji, na kuna mpira unakunyonya mate pembeni ya mdomo. Mwanzo sikusikia kitu. Nikaanza kujisifu moyoni, kumbe watu wanaogopa upepo. Halafu moto wa baridi ukatoka kwenye jino, ukapita sikioni, ukatokea jichoni. Mkono ulipanda wenyewe, naye akaitoa mashine.

"Hapo umefika chuma," nikasema.

"Nimefika. Na kutu ingali pembeni. Sasa?"

Nikaitazama taa iliyokuwa juu yangu. "Choma sindano. Lakini mahali pa chuma nimekuonyesha mimi."

"Umenionyesha, baba. Ahsante. Fungua mdomo."

Sindano ni siafu mmoja tu, anauma anakwenda zake. Baada ya muda mdomo ukavimba, au nilidhani umevimba, ukawa kama wa mtu mwingine niliouazima. Akaendelea kukwangua. Maumivu hakuna, mtetemo tu kwenye taya. Sasa sikuwa na sikio wala uchungu wa kunipa habari, nikabaki kusoma macho yake juu ya barakoa. Akasimamisha mashine. Akadokoa kwa kindoana chembamba, akatia kioo, akadokoa tena. Mimi mikono nimeishika pamoja kifuani, kama maiti.

"Halijaingia ndani," akasema. "Ukuta mwembamba, lakini umesimama."

Wallahi ningeweza kucheka, ila mdomo haukuwa wangu.

Kilichobaki nilikijua. Akakausha, akapaka dawa ya kushikia, akajaza kidogo kidogo fila ya rangi ya jino. Fila yangu mimi, ile ya kuzibia bati, inangoja ikauke kwa wakati wake; yake anaimulika taa ya buluu, mara imekuwa jiwe. Hapo alinipita, nakubali. Akanipa karatasi ya rangi niing'ate.

"Linakaaje?"

"Linagonga."

Akapunguza. "Sasa?"

"Bado. Mlango unagusa fremu."

Akapunguza tena, na tena. "Baba, wewe mteja mgumu."

"Ningekuwa mwepesi ningekuwa na mapengo," nikajibu, na mate yakanitoka kidevuni.

Akanionya nisitafune mpaka ganzi iishe, nisije nikajila mdomo. Baridi ingenichoma siku chache, lakini ikizidi nirudi.

Jioni shemeji akaja nyumbani, wala hakungoja kuketi. "Wamekung'oa?"

Nikafungua mdomo. Akawasha tochi ya simu, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akanigeuza kichwa kama mnunuzi anayetafuta alama ya ajali kwenye gari kuukuu.

"Ni lipi hasa?"

"Tafuta," nikamwambia, na mdomo nikauacha wazi.