Zamu ya Nyoka kwenye Simu ya Abti

Ijumaa iliyopita mjomba wangu, abti, alikuja kwetu, mtaa wa Galbet, baada ya swala. Akawakuta wanangu mkekani na simu yangu, wanapasua vipovu vya rangi. Wewe unaujua mchezo wa aina hiyo. Hauhitaji kusoma, hauna damu, mtoto akilia unauacha na baadaye unaurudia. Binti yangu wa miaka sita na mdogo wake wa minne wanaucheza sawa. Abti akaketi, akaomba zamu.

Nilifurahi, na furaha yenyewe haikuwa nzuri.

Nilipokuwa mdogo, abti ndiye aliyekuwa na simu, ile ya vibonye, yenye mchezo wa nyoka. Alasiri, akicheza shax na wenzake, vijiwe juu ya mistari ya mchangani, alituambia atakayemletea maji ya udhu kwanza atapata zamu. Kiangazi kizima nilifika kwanza mimi na birika, nikipita jikoni kwa ayeeyo, bibi yetu, maziwa yananukia moshi. Simu wakapewa wanawe. Mimi aliniambia, akiniita kwa jina lile lile ninalomwita yeye, kama ilivyo desturi, "Abti, wewe msichana. Utaharibu macho, nani atakuoa?" Wazee wakacheka. Kicheko labda nimekiongeza mimi, sijui. Maneno sikuyaongeza.

Nisimdhulumu: ni yeye pia aliyenibeba mgongoni hadi hospitali nilipougua malaria. Hilo nalo nimeliandika. Lakini halifuti lile.

Basi nikamnong'oneza binti yangu asimwonee huruma. Akamshinda mara tano. Vidole vya mzee vilikuwa vinatetemeka, vipovu vikajaa hadi juu ya kioo.

"Awoowe, babu, hata huyu mdogo anakushinda," binti akamwambia. Nilipaswa kumkanya. Sikumkanya.

Nikamuuliza abti kama anaikumbuka simu ile, na yale maji. Akafikiri sana.

"Maji ya udhu?" akasema. "Hayo nilikuwa najitekea mwenyewe."

Kiwanja chetu cha mchanga sasa ni maduka. Ayeeyo tumemzika, wana wa abti wako Nairobi. Hata aliyeninyima zamu naona ameondoka, mahali pake ameketi mzee anayechekeshwa na watoto wangu. Mtu mwema pengine angesamehe hapo. Mimi nimemwambia aje tena kucheza Ijumaa ijayo.