Kiungo Asiyeinua Kichwa

Nikisikia mtu akipiga mluzi wa kuita mbuzi, akili yangu haiendi malishoni. Inaenda kwenye kiwanja cha Ikutha, pale tulipofagia miiba kila Jumamosi, kwenye vumbi jekundu na harufu ya jasho, na ndugu yangu Kilonzo yuko katikati na mpira.

Yeye alikuwa kifungua mimba, mimi kitinda mimba. Alichezea timu ya soko letu tangu hajaota ndevu mpaka goti likakataa, na jezi ya timu nyingine hakuvaa hata siku moja. Alikuwa kiungo, kila mpira ulipita kwake kwanza. Wenzake walikuwa wachungaji, na kila mmoja alikuwa na mluzi wake, ule ule wa kuitia mifugo. Akitaka mpira anapiga mluzi, na Kilonzo anausukuma pale pale bila kuinua kichwa. Wageni walikasirika sana. Siku moja refa alisimamisha mchezo akauliza, "Nyinyi mmeleta mpira hapa ama mmeleta mbuzi?"

"Mbuzi ni hao wageni, refa," akajibiwa.

Kilonzo alisemwa kwa jambo moja tu, maringo. Ukipishana naye njiani hakusalimii mpaka uanze wewe. Mama alimgombeza mpaka akachoka.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Ng'ombe wakafa, tukabaki na mmoja ambaye tulimwinua kila asubuhi kwa mikono. Mwaka huo ndio alikuja mtu wa kampuni fulani ya Makueni, upande wa reli, iliyokuwa na timu yake ya mpira. Alimtazama Kilonzo akicheza, kisha akaja nyumbani, akaketi, akamwambia baba, "Mzee, nimetazama mpira miaka mingi. Sijaona kijana anayepiga pasi bila kuangalia. Nipe huyu. Atapata kazi, na nyinyi hapa hamtalala njaa."

Baba akamgeukia Kilonzo. Kilonzo akasema, "Mimi siendi."

"Huendi wapi?"

"Siwezi kuacha timu yangu, baba."

"Hiyo timu itakupikia?"

Mgeni alienda zake. Tangu siku hiyo baba hakutaja jina la Kilonzo tena. Akimtaka alisema, "Mwiteni yule wa mpira." Tulikula mahindi ya msaada, yale ya njano, na mimi nilikuwa na furaha kwa sababu ndugu yangu hakwenda. Mtoto ni mtoto. Baba alikufa bila kumsamehe.

Mimi mwenyewe nilikuwa na watoto wanne wakati madaktari wa macho walipokuja kanisani kwetu, nikampeleka Kilonzo. Nesi alibandika karatasi ukutani, akamwambia aonyeshe kwa mkono ile alama kubwa ya juu imeelekea wapi. Kilonzo akaninong'oneza, "Syombua, karatasi iko ukuta gani?"

Nesi akamuuliza ameanza lini kutoona mbali. "Tangu utotoni," akasema, kama mtu anayeulizwa kijiji chake.

Tulipotoka nje nikamuuliza kama wenzake walijua.

"Wote kumi. Ulifikiri miluzi ni ya nini?"

"Na baba ulimnyamazia kwa nini?"

"Angenitoa uwanjani siku hiyo hiyo. Na huko reli, nani angenipigia mluzi?"

Watu wa Ikutha wanamsifu hadi leo kwamba hakuacha timu. Mimi sibishani nao. Lakini baba angeambiwa ukweli, angekufa na moyo mwepesi, na hilo sijamsamehe Kilonzo, ingawa nampenda. Wale kumi nao nawafikiria. Walifunga midomo miaka yote hiyo, hata kwa wake zao. Najua, kwa sababu mmoja wao ndiye aliyenioa. Siku ile ya nesi nilirudi nyumbani nikamkuta anakula, nikasimama mlangoni nikimwangalia, sijui kama nimwongezee chakula ama nimnyang'anye sahani.